Mgeni Asiyeujua Mnazi Wake

Watu walioibiwa huja kwa Munyiva wakifoka, na waliosalitiwa huja wakilia. Lornah hakufoka wala hakulia. Aliingia ofisini asubuhi hiyo ya Ijumaa, akafunga mlango, akausukuma kuhakikisha umefungika, kisha akaketi na mkoba mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Stellah Munyiva alikuwa sajini wa polisi miaka mingi kabla ya kukodi chumba hiki cha ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya simu ya Luthuli, na woga wa namna hiyo aliujua. Alimmiminia chai ya thamosi, akamsogezea kikombe.

"Dadangu yuko Pwani kwa likizo," Lornah alisema hatimaye. "Kila siku ananitumia picha. Leo amekula hivi, leo ameogelea. Na mimi tangu Jumanne silali."

"Kuna nini kwa hizo picha?"

"Hakuna uso."

Aliweka simu mezani. Munyiva alivaa miwani, akazipitia picha moja moja, maana kazi yake haitaki pupa. Bwawa la kuogelea. Sahani ya wali na pweza. Miguu imenyooshwa kwenye kiti cha mchangani. Mkono umeshika glasi ya sharubati, na kwenye kifundo chake bendi ya plastiki ya samawati, ile ambayo hoteli za kulipia kila kitu mara moja humfunga mgeni anapofika. Ukishafungwa hiyo unakula na kunywa mpaka uchoke, na hakuna wa kukuuliza. Picha zote zilikuwa nzuri, lakini hakuna iliyoonyesha hata shavu.

"Jina lake?"

"Ivyne Namalwa. Ni mkaguzi wa nyama kwa kichinjio kimoja huko Dagoretti. Jumatatu anaenda kotini kutoa ushahidi. Kuna tajiri wa nyama anaitwa Kiema, alikuwa anachinja ng'ombe wagonjwa. Ivyne akakataa kuwapigia muhuri, wakamtisha, akaenda kuripoti. Kesi yote inamtegemea yeye."

"Na wiki ya mwisho kabla ya kesi anaenda kuogelea?"

"Ni bwana yake alisema apumzike kidogo, atulie akili, Jumapili awe amerudi. Akamtafutia hoteli ile ile walienda mwaka jana wakifurahia ndoa. Matumbawe, ile ya zamani sana."

"Wameenda pamoja?"

"Shemeji Kisilu? La. Yuko kwake Kinoo, anasema kazi imembana."

"Umempigia dadako?"

"Hashiki. Anaandika tu ati mtandao mbaya. Na Ivyne si mtu wa kuandika, madam. Ivyne atakupigia kabla hujaosha uso akuulize umekula nini."

Mtu mwingine angemcheka. Dada yuko ufukweni anapigwa na upepo, anakula pweza, wewe unakosa usingizi! Munyiva hakucheka, lakini alikuwa na dhana yake. Mashahidi aliwajua. Kesi ikikaribia, shahidi huanza kuhara, kisha huzima simu, kisha husikika yuko kwa shangazi yake Busia. Huenda Ivyne aliogopa Kiema, akaamua kujificha mahali pazuri, na aibu ndiyo iliyomfanya asishike simu. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, tena ilimpa matumaini. Akatafuta namba ya hoteli, akapiga, akaweka sauti ya nje ili Lornah asikie.

"Matumbawe, karibuni nyumbani. Mwanasiti wa mapokezi hapa."

"Habari ya huko, Mwanasiti. Namtafuta mgeni wenu, Ivyne Namalwa."

"Yupo, dadangu. Namwona hapo barazani anakunywa chai, kavaa kofia kubwa. Nikwitie?"

"Hapana, mwache anywe. Tulitaka kujua tu kama alifika salama."

"Salama salimini. Raha mustarehe."

Simu ilipokatika Lornah alifunika uso, na sasa ndipo machozi yalipotoka. Yuko hai! Alicheka na kulia kwa pamoja, akaanza kuomba radhi kwa kupoteza wakati wa watu. Munyiva alimwambia asijali, wengi wangefurahi kupoteza wakati hivyo.

"Basi hata mnazi wake ameshauona," Lornah alisema akipangusa pua.

"Mnazi gani?"

Lornah alipekua simu akamwonyesha picha ya mwaka jana. Safari hii uso ulikuwapo: mwanamke mfupi, mnene kidogo, anacheka na jembe mkononi, mbele ya mche wa mnazi wenye kibao kidogo. Kwenye kibao yameandikwa majina mawili, Ivyne na Kisilu. Alieleza kwamba huo ndio mtindo wa Matumbawe tangu ilipofunguliwa. Mgeni wa mara ya kwanza hupanda mnazi. Akirudi, asubuhi ya kwanza kabla ya chai, mtunza bustani humpeleka kuumwagilia maji, wakapiga picha, wakacheka urefu wake. Kuna minazi pale iliyopandwa na watu ambao sasa wajukuu wao ndio wanaokuja kuimwagilia.

"Na bwana yake yuko wapi kwa hii picha?"

"Alikuwa amelala. Si unajua huko bia ni kujichotea tu? Alikesha akinywa. Ivyne akapanda peke yake, akakasirika, akasema hatamwambia hata kidogo. Mpaka leo shemeji hajui ako na mti Pwani."

Munyiva aliichukua simu yake. Kisha akapiga tena.

"Mwanasiti, samahani, ni mimi tena. Ivyne alishamwagilia mnazi wake?"

"Huyu? Huyu hana mnazi, mama. Siku aliyofika tulimuuliza, kasema ndiyo mara yake ya kwanza. Hata kupanda kakataa, ati jua kali." Zikasikika kurasa zikifunuliwa. "Ehee! Ngoja. Jina lipo huku! Mwaka jana kapanda, karibu na ukuta wa mashariki. Lo, mbona hakusema? Tumemkosea mgeni wetu!"

"Hebu niambie, mgeni wenyewe yukoje?"

"Mrefu, mwembamba. Ana mwanya mzuri akicheka."

Lornah aliachia mkoba ukaanguka sakafuni. "Ivyne hana mwanya," alinong'ona. "Na ni mfupi, hunifika hapa begani. Mwenye mwanya ni Carolyne. Ni wifi yake, dadake Kisilu."

Munyiva alimshukuru Mwanasiti, akakata simu. Hapo alifanya kosa, na katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kufanya jingine lililomtia baridi kama hilo. Hakumwambia Mwanasiti anyamaze. Fikira zake zilishakuwa kwingine.

"Kwa nini mtu akae hotelini kwa jina la dadangu, na simu yake?" Lornah aliuliza.

Munyiva alitamani asijibu. "Ili watu waseme walimwona huko. Baharini mtu hupotea, Lornah. Unapata viatu mchangani na taulo, watu wanalia, yanaisha. Nani atamtafuta Nairobi?"

"Kwani yuko Nairobi?"

"Twende tukamuulize shemeji yako."

*

Kinoo hakukuwa na stima. Jenereta zilinguruma mbele ya maduka, na kinyozi wa ghorofa ya chini alikuwa amekaa nje na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, wote wawili wakingoja. Munyiva aliegesha gari lake dogo hapo, akamwambia Lornah afunge milango na asishuke hata akiitwa kwa jina. Kisha akapanda ngazi. Hakuwa na bunduki siku hizi, na goti la kushoto lilikuwa limeanza kukataa ngazi.

Kisilu alifungua kabla hajabisha mara ya pili. Alikuwa mwanamume wa sura nzuri, amevaa koti tayari, na kikapu mkononi.

"Naitwa Munyiva. Lornah amenituma."

"Munyiva!" Uso ulikunjuka. "Basi ni wa nyumbani. Karibu mwaitu, karibu ndani. Mambo ya giza utatusamehe, stima zilienda tangu asubuhi."

Alimwita mama kwa heshima ya Ukambani, akamvutia kiti, akaweka kikapu mezani. Kando ya kikapu palikuwa na simu imechomekwa ukutani, kioo chake cheusi, haina uhai. Munyiva aliiona, akaiweka akilini.

"Lornah anataka kumsindikiza Ivyne kotini Jumatatu," alisema. "Anauliza atafika lini, na basi gani."

"Jumapili jioni. Nitamchukua mwenyewe."

"Umeongea naye lini?"

"Jana. Yuko poa kabisa. Anasema amenenepa!" Kisilu alicheka, akaangalia mlango. "Mwaitu, ningekuwekea chai lakini nilikuwa natoka. Niko na kibarua Spring Valley. Ni dereva wa familia fulani, wamesafiri ng'ambo, wameniachia nyumba na mbwa."

"Mbwa wangapi?"

"Watatu. Wakubwa, wanakula vibaya sana."

"Ndio hao unawapelekea chakula?"

"Ndio hao."

Harufu iliyotoka kikapuni ilikuwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa polepole na mbaazi, tena yamekaangwa kwa kitunguu. Munyiva alilelewa kwa chakula hicho, hakuhitaji kufunuliwa. Aliinua kitambaa kwa kidole, kama mama mchunguzi wa mambo ya watu. Hotipoti, kijiko, na karatasi ya chooni.

"Mbwa wa Spring Valley wameendelea," alisema. "Wanakula na kijiko."

Kisilu alikifunika kikapu upya. Wakati huo huo simu ya Munyiva ikalia mkobani, na akaishika bila kumwondolea macho.

"Dadangu, Mwanasiti hapa!" Sauti ilijaa furaha. "Nimeona nikwambie mwenyewe. Tumemfanyia Bi Ivyne mshangao! Jikoni wamepika keki, vijana wamepiga ngoma, tukamwendea barazani sote tukiimba, tukampeleka kwenye mnazi wake. Umekua, mashallah, unamfika kiunoni!"

"Naam," Munyiva alisema.

"Lakini sijui ndiyo furaha au vipi. Kasoma kibao, rangi ikamtoka, akauliza ni nani aliyetwambia. Nikamwambia ni dadake wa Nairobi kapiga. Akakimbilia chumbani. Yapata saa nzima sasa, na sasa anataka teksi. Bendi ameikata mwenyewe kwa kisu cha matunda! Tumemuudhi?"

"Hapana, Mwanasiti. Ni mimi niliyekosea. Nitakupigia."

Alirudisha simu mkobani. Saa nzima! Carolyne alikuwa ameshamtafuta kaka yake, na kitu pekee kilichosimama kati ya Kisilu na habari hizo ni ukosefu wa stima. Munyiva aliogopa. Alihitaji funguo za nyumba ya Spring Valley, na alihitaji kushuka ngazi.

"Kisilu," alianza, "mimi nina gari. Nikusogeze mpaka huko Spring—"

Taa ikawaka. Huko chini jirani wakashangilia, redio za ghorofa zote zikaanza kwa pamoja, na simu iliyokuwa mezani ikapata uhai. Ikaanza kupokea meseji. Iliita, ikaita, ikaita tena, mpaka ikawa inasogea yenyewe juu ya meza. Kisilu aliichukua. Munyiva aliona macho yake yakienda kwenye kioo, yakisimama, yakirudi kusoma upya.

Kisilu akaenda mlangoni, akasukuma komeo.

"Wewe ni nani?" aliuliza. Hapakuwa na mwaitu tena.

"Nimekwambia. Naitwa Munyiva."

"Umemfanyia nini Caro?"

Alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana alipokuwa anacheka. Munyiva alibaki kitini, kwa sababu alijua ukisimama mbele ya mwanamume mwenye hofu unampa kitu cha kupiga. Akapiga moyo konde, akaongea taratibu.

"Nataka kukuuliza swali moja, kisha utafanya utakalo. Ile hoteli uligharamia wewe?"

Kisilu alitikisa kichwa.

"Ni Kiema. Na alikwambia nini? Kwamba korti ikiuliza, itaonekana Ivyne aliamua kwenda kustarehe akadharau kesi?"

"Ni mpaka Jumatatu tu." Maneno yalimtoka haraka. "Alinipa kuchagua. Ama ninyamazishe bibi yangu mimi, ama watamnyamazisha wao. Ungefanya nini wewe? Nimemficha! Nampelekea chakula kila siku. Jumatatu ikipita namfungulia, ananitukana, anarudi kwao, lakini yuko hai!"

"Na mbona hoteli ya baharini? Mbona hakumlipia Nakuru, ama Nanyuki?"

"Si ndiko tulienda mwaka jana..."

"Carolyne aliambiwa aache nini mchangani Jumapili asubuhi?"

Kisilu aliachia komeo. Ilionekana kwamba kuna jambo aliloambiwa, jambo dogo, na ndiyo mara ya kwanza analigeuza kuliona upande wa pili. "Viatu," alisema. "Viatu vya Ivyne. Ati ionekane kama ametoroka."

"Mtu hutoroka bila viatu?"

Alikaa sakafuni, pale pale mlangoni. Simu ilikuwa bado mkononi, na Munyiva akanyoosha mkono, akapewa bila ubishi. Meseji ya mwisho ya Carolyne ilisema: *Wamenijua. Hushiki. Nimempigia Kiema vile alisema. Ameniambia usijali, anaenda kumtoa Ivyne hapo yeye mwenyewe.*

"Anaijua hiyo nyumba?"

"Anaijua."

"Simama," Munyiva alisema. "Kisilu, simama! Lete funguo."

Alizitoa mfukoni. Halafu, bila mtu kumwambia, akarudi mezani akachukua hotipoti na kijiko, akaikumbatia.

*

Lornah alipomwona shemeji yake akiingia kiti cha mbele alijikunyata kule nyuma. Alimwona uso, akaanza kusali kwa Kibukusu, na hakunyamaza tangu Waiyaki Way mpaka mzunguko wa Westlands. Munyiva aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na simu. Alimpata Sifuna, inspekta aliyewahi kufanya kazi naye. Sifuna hakupoteza maneno. Akauliza nyumba, akauliza rangi ya geti, akasema anakuja na vijana, na akamwonya asiingie kabla yao.

"Sawa," Munyiva alisema, na wote wawili walijua anadanganya.

Barabara za Spring Valley zina kimya cha ua na miti, kimya ambacho watu hulipia. Lakini walipokaribia, walisikia king'ora cha ua wa umeme kikilia bila kukoma. Geti lilikuwa wazi. Soja wa nyumba ya jirani alisimama barabarani na rungu, akipumua kwa kasi.

"Wametoka sasa hivi!" alisema. "Gari la kubeba nyama, jeupe. King'ora kililia, wakatoka mbio."

"Walikuwa na mwanamke?"

"Sijaona, mama. Gari limefungwa nyuma kote, ningeona aje?"

Lornah alitoa sauti ambayo Munyiva hakutaka kuisikia tena. Munyiva alitoa spana ya gurudumu chini ya kiti, akaingia.

Ndani ya geti mbwa wawili walilala kwenye kokoto, povu mdomoni. Katikati yao palikuwa na mabaki ya nyama, paja nene, na juu ya mafuta yake muhuri wa zambarau unang'aa, ile alama anayoangalia mnunuzi ili ajue nyama ni salama. Munyiva aliruka mizoga, akazunguka nyumba kubwa mpaka vyumba vya wafanyakazi. Mlango wa mwisho ulikuwa umevunjwa, kufuli likining'inia bado limefungwa.

"Ivyne!"

Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda, ndoo, na sanduku dogo la safari limefunguliwa. Lornah alipiga magoti akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: leso mpya, mafuta ya jua, nguo ya kuogelea ambayo bado ina karatasi ya dukani. Ivyne alikuwa amefungasha akiamini anakwenda baharini.

"Nilimwambia tupitie hapa kwanza tulishe mbwa," Kisilu alisema kutoka nje. Hakuna aliyemuuliza. "Akaingia mwenyewe."

Munyiva alijilazimisha kutazama badala ya kuogopa. Mlango ulivunjwa kutoka nje, vibanzi vyote vimelala ndani. Lakini juu ya kitanda palikuwa na ndoo imepinduliwa, na juu ya ndoo ubao wa dari umesukumwa. Kwenye msumari wa dari kilibaki kipande cha kitambaa cha maua. Alipanda akachungulia. Bati la nyuma lilikuwa limeinuliwa, na mwanga ukiingia.

"Alitoka kabla hawajaingia," alisema. "Alisikia mbwa wakifa, akajua."

"Basi wamemkuta nje?" Lornah aliuliza.

Munyiva alitoka, akazunguka nyuma ya vyumba. Ukuta ulikuwa mrefu, na juu yake nyaya za umeme zikitoa cheche. Mti wa kuanikia nguo ulikuwa umerushwa ukanasa kwenye nyaya. Hapo ndipo king'ora kilipoanzia. Munyiva alipima kwa macho. Hakuna mwanamke mfupi, mnene kidogo, aliyeweza kuuruka ukuta ule. Lakini aliyerusha mti ule hakutaka kuruka. Alitaka makelele. Aliita watu kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kisha akahitaji mahali pa kungojea, karibu, mahali ambapo watu wenye haraka hawangeinama kupaangalia.

"Kisilu, mbwa ulisema ni watatu?"

"Watatu. Kuna Simba, Bruno, na yule mama mzee."

Mbwa wa tatu alikuwa amelala mlangoni mwa kibanda chao, kule pembeni chini ya mkaratusi. Hakuwa amekufa. Alijaza mlango wote kwa mwili wake, na alipowaona aliinua mdomo akaonyesha meno. Mbele yake palikuwa na mabaki machache ya mahindi na mbaazi, yamelambwa. Kila siku mtu alikuwa akimgawia muthokoi kupitia dirishani, na nyama ya kutupwa na mgeni hakuwa na haja nayo.

Lornah alipiga magoti kwenye nyasi. Hakuita jina. Alitoa ile salamu ya kwao.

"Mulembe, dada."

King'ora kililia. Kisha, kutoka gizani nyuma ya mbwa, sauti kavu ikaitikia: "Mulembe muno."

Mbwa alisogea. Mkono ukatoka, halafu kichwa kilichojaa majani na utando wa buibui, halafu bega la gauni la maua lililopasuka. Ivyne alitambaa mpaka nusu, akamrukia mdogo wake shingoni. Munyiva alilegeza spana. Kwa mbali, upande wa Westlands, alisikia ving'ora vya magari ya polisi vikija, na akahisi goti lake likiuma kwa mara ya kwanza tangu Kinoo.

"Ulikula?" Ivyne alimuuliza Lornah. "Mbona umekonda hivi?"

Ndipo alipoinua macho juu ya bega la mdogo wake. Kisilu alikuwa amesimama hapo kwenye nyasi, hotipoti ameikumbatia kifuani, kijiko kikigongagonga juu ya kifuniko.

"Ivyne, nimekuletea chakula," alisema.

Ivyne aliachia shingo ya Lornah. Polepole, bila kumwondolea mumewe macho, akarudi kinyumenyume ndani ya kibanda, na mbwa akalala tena mlangoni.